Mama Mizigo na Tangazo la Kochi

Kilo ishirini na tisa na nusu. Alilinyanyua sanduku kwa mkono wa kushoto, akalishikilia hewani kwa muda wa kusema amina, kisha akataja uzito wake. Hakuwa na mizani. Msafiri akifika uwanja wa ndege alituma ujumbe kwamba mizani ya kule imekubaliana na mkono wa Mama Mizigo, naye akishausoma aliguna tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba leo ni Ijumaa.

Tulimwita hivyo sisi Wakenya wa mtaa wa Najma, huko Doha, kwa sababu ndiye aliyetufungia mizigo ya kwenda nyumbani. Siku sita za juma alikuwa dobi katika hoteli moja ya West Bay, chumba cha chini kabisa kisicho na dirisha, akikunja mashuka ya watu waliolala ghorofa ya arobaini. Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada hata kwa Wakristo, akishatoka kanisani alikuwa wetu. Aliyepata likizo alibeba sanduku tupu na vitu vyake ndani ya mifuko ya plastiki, akapanda ngazi mpaka chumbani kwa Mama Mizigo, na mkononi akawa na gilasi mbili za karaki, chai nzito ya maziwa na iliki. Hiyo chai ndiyo iliyokuwa ada, na ikipoa njiani alikurudisha ukanunue nyingine.

Alikuwa na sheria, na hakuna aliyezivunja. Kila kitu kilitolewa ndani ya boksi lake. Sabuni ziliingia ndani ya viatu, viatu ndani ya sufuria, sufuria ikavishwa blanketi, na blanketi likakaliwa mpaka likasalimu amri. Ukimsihi akuachie boksi la pasi, ili mkeo ajue kwamba pasi ni mpya, alikutazama kwa huruma. "Boksi ni hewa," alisema, "na hewa ya Doha haiendi Kenya." Aliyelia wakati wa kufunga sanduku alifukuzwa akalie kwenye ngazi. Lia ukifika, alituambia, huko hawapimi.

Lakini mtu huyo huyo aliyedharau maboksi hakutupa hata moja. Chumba chake kilikuwa kipande tu cha chumba, kilichokatwa kwa mbao nyembamba ndani ya nyumba ya zamani, na baridi ya kiyoyozi cha jirani ilipenya kwenye nyufa. Aliyakunjua yale maboksi akayabandika ukutani, picha zikitazama ndani. Ukikaa pale kunywa chai ulitazamwa na familia thelathini zenye furaha: mama anacheka na mashine ya kusaga matunda, baba ameduwaa mbele ya birika la umeme, watoto wanapigania mkate uliotoka kuokwa. Nilimtania siku moja kwamba ana jamaa wengi kuliko chifu. Akanijibu kwamba hawa angalau hawaombi kutumiwa kitu.

Nilimjua kwa karibu miaka minane na sikuwahi kumwona akipiga picha ya kumtumia mtu. Hakupenda kuulizwa amezaliwa wapi wala mume yuko wapi, na mimi sikuuliza. Alikuwa mkali juu ya uongo, ukimwambia uko njiani nawe bado unaoga alikufungia mlango, na bado nilimsikia kwa masikio yangu akimfundisha msichana mmoja namna ya kumwambia askari wa forodha kwamba simu tano zilizomo ndani ya soksi ni zawadi za harusi. Aliombea kila sanduku kabla ya kulifunga. Kisha alilipiga teke ili zipu ikubali.

Sanduku ambalo hakulifunga ni lake. Kinyozi hajinyoi, alisema tukimuuliza, na wenzangu wakacheka wakapita. Mimi aliniambia zaidi, labda kwa sababu nilikuwa na tabia ya kubaki baada ya wengine kuondoka. Alikuwa na binti mmoja, aliyemwacha Nakuru kwa dada yake akiwa na miaka minne. Mara ya mwisho alikwenda likizo binti akiwa na tisa. Mtoto alimpa mkono kama anayemsalimia mgeni wa kanisa, akasema shikamoo, halafu akamgeukia mama yake mdogo kumwomba ruhusa ya kwenda kucheza. Mwezi mzima Mama Mizigo alikuwa mgeni katika nyumba aliyokuwa akiilipia kodi. Alipewa kikombe cha wageni. Tangu hapo, kila mkataba ulipompa likizo alibadilishana na mwenzake wa zamu, akatuma vitu badala yake. Aliniambia kwamba ni kwa ajili ya karo. Nilijua, na alijua kwamba najua, kwamba aliogopa kupewa mkono tena.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee, na yeye alipenda sana kuitumia methali hiyo kwa wanaume waliochelewa kufika wakakuta chapati zimekwisha. Alipoisema juu yake mwenyewe, aliisema kwa sauti ya chini na hakunitazama.

Sasa niseme juu ya kazi yangu, kwa maana ndiyo iliyoleta lile kochi kati yetu. Nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya matangazo huko West Bay, na mwaka ule tulipata mteja mkubwa, kampuni ya teknolojia iliyouza kidude cha kuchomeka nyuma ya televisheni. Ukikiunganisha na intaneti, unatazama filamu na tamthilia kadiri upendavyo. Tangazo lilitengenezwa na ofisi yetu. Sebule, jioni. Mwanamke amekaa kwenye kochi la kijivu. Mtoto wa kike anakuja akiburura blanketi, anapanda kochi, analaza kichwa mapajani pa mwanamke. Mwanamke hatazami televisheni. Anaweka mkono juu ya nywele za mtoto na kuuacha hapo. Kidude chenyewe kinaonekana mwishoni, sekunde mbili, na chini yake maneno: Kaeni pamoja.

Lilikuwa kila mahali. Kwenye skrini za maduka makubwa, kwenye lifti, kwenye kile kibao cha mwanga mkabala na kituo cha basi ambapo walinzi wa zamu ya mchana walingoja gari la kuwarudisha kambini wanakolala. Yule mwanamke alikuwa na sura ambayo kila mtu aliidai. Wahindi walisema ni Mhindi, Waethiopia wakasema ni wao, na Mganda mmoja aliniapia kwamba ni wa kwao Mbarara.

Kazi yangu ilikuwa kujua kama tangazo hilo linafanya kazi. Nilisimama kwenye duka kubwa nikiwa na tableti na maswali manne. Umeliona? Unakumbuka linauza nini? Limekufanya utamani kununua? Toa alama, moja mpaka tano. Waliolikumbuka walikuwa wengi ajabu. Waliokumbuka linauza nini walikuwa wachache. Nesi mmoja wa Kenya alinieleza tangazo lote, mpaka rangi ya blanketi, nilipomuuliza linauza nini akasema ni makochi. Dereva akaniuliza duka la kochi lile liko wapi, na kama wanasafirisha mpaka Eldoret. Waliokuwa na nyumba na familia pale Doha walinunua kidude na kusahau tangazo, na sisi tuliolala vitanda vya ghorofa mbilimbili tulikumbuka tangazo na kusahau kidude. Mudir wetu, yaani bosi, alisoma majibu hayo akashika kichwa.

Nilimsimulia Mama Mizigo, nikitaka acheke. Hakucheka. Aliniuliza kwa nini nasimama dukani kuuliza watu wanaotaka tu niwaache wapite, ilhali ningeweza kukaa kwake Ijumaa nikatazama masanduku. Mwezi huo alikuwa amefunga vidude vile sita. Vitu vingine vyote watu walikubali vivuliwe boksi, hata simu, hata marashi. Kwa kile kidude walikataa, wote sita. Boksi lilikuwa na picha ya kochi. Mmoja alitoa mchele kilo mbili ili lile boksi lipate nafasi.

"Hawatumi kile kidude," alisema. "Wanatuma ile picha. Mwambie mudir wako."

Nilimwambia mudir. Alisema masanduku ya Najma si takwimu, turudi kwenye maswali manne.

Juma lililofuata nilimkuta Mama Mizigo ameweka kidude juu ya kitanda chake. Alikuwa amekinunua katika duka lenye bei kubwa kuliko yote, yeye aliyejua bei ya kila kitu kuanzia Najma mpaka soko la mitumba. Msichana mmoja wa Nakuru alikuwa akisafiri Jumapili, na Mama Mizigo alikiweka katikati ya sanduku la huyo msichana, ndani ya boksi lake, na kulizungushia taulo ili pembe zisiumie. Kisha akanitazama kunikataza kusema neno. Alichosema yeye ni kwamba huyo mwanamke wa tangazo anamuudhi. Amekaa tu, alisema. Hana mzigo wa kufunga, hana gari la kambi linalomsubiri, amekaa kama mtu ambaye hakuna atakayemwambia muda umekwisha.

Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti ya kutazamia, na kumwandikia neno la siri kwenye karatasi iliyoingia ndani ya boksi. Nilimwekea pia kwenye simu yake, ili aone kama inafanya kazi. Nilidhani ataifuta. Baada ya majuma mawili, tukinywa chai, alinionyesha simu kwa aibu ya msichana aliyeandikiwa barua. Pale juu palikuwa na safu ya picha na maneno ya kumwambia mtazamaji aendelee alipoishia. Binti alikuwa ameanza tamthilia ndefu, ya familia moja yenye mgahawa. Yuko sehemu ya nne, aliniambia Mama Mizigo, dakika ya kumi na moja. Ameishia pale mama mkwe anapomwaga supu.

Kuanzia hapo alikuwa na mpango. Zamu yake ilianza alfajiri na kumalizika saa tisa mchana. Saa kumi alijilaza kitandani, akafungua simu, akatazama kuanzia mwanzo wa kile alichokitazama binti jana yake, mpaka pale pale binti alipoishia, na hapo alizima. Hakuongeza hata dakika. Binti akiacha katikati ya sentensi, naye aliacha katikati ya sentensi. Alijua siku za mtihani, kwa sababu hakukuwa na kitu kipya. Alijua siku za ugonjwa, kwa sababu sehemu tano zilitazamwa mfululizo. Siku moja binti alirudia onyesho moja mara tatu, lile la mzee wa mgahawa anayemwomba mwanawe msamaha, na Mama Mizigo alitembea na jambo hilo kichwani juma zima.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie tu mtoto kwamba anatazama naye. Alisema kwenye simu binti humpa dakika mbili: niko poa, shule iko poa, ongea na mamdogo. "Huku ananipa saa nzima," alisema, "na kwa sababu hajui, haimchoshi."

Sijui kama mudir wangu angeweza kulipatia alama jambo hilo, moja mpaka tano. Ninachojua ni kwamba ile miezi saba alikuwa na uso mwingine. Aliyapiga mateke masanduku kwa upole. Alianza kusema "sisi": sisi hatumpendi yule wakili, sisi tunaona yule mdogo ataolewa na mpishi. Niliona wivu kidogo, kwa kuwa mimi sikuwa na mtu yeyote wa kusema naye "sisi" katika mji mzima.

Kosa lenyewe lilikuwa la mtu aliyechoka. Hoteli ilipokea wageni wa mkutano, dobi wakaunganisha zamu ya usiku na ya alfajiri, na Mama Mizigo akafungua simu yake akiwa tayari amesinzia. Alishtuka machweo, simu iko kifuani, tamthilia imejiendesha yenyewe sehemu tatu mbele. Alijaribu kuirudisha, hakujua namna. Alinipigia nikiwa kwenye basi, na nilipofika nyumbani na kumwelekeza, tulikuwa tumechelewa. Nakuru walikuwa wamekwisha kufungua.

Nilikuwepo Ijumaa hiyo dada yake alipopiga, simu ikiwa imewekwa wazi juu ya kitanda kwa kuwa mikono ya Mama Mizigo ilikuwa ndani ya sanduku la mtu. Dada alikuwa akicheka. Alisimulia kwamba kuna mwizi aliyeingia kwenye akaunti ya mtoto, akamharibia utamu, mtoto amejua mwisho wa harusi kabla ya wakati. Lakini huyu binti yako ni mwerevu, dada alisema, amebadilisha neno la siri na kumfungia nje.

"Amefanya vizuri," alisema Mama Mizigo, akaendelea kukunja shati.

Alipokata simu nilimwambia, "Mama, si umwambie tu? Atakupa neno jipya hata leo."

"Nimwambie nini? Kwamba mwizi ni mamake?"

Nilimwonea uchungu ambao bado ninao. Alimaliza sanduku lile. Alilinyanyua, akataja uzito, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote alikosea, kwa kilo mbili nzima. Msafiri alilazimika kutoa vitu mbele ya watu kwenye foleni. Hakuna aliyemlaumu.

Baadaye kidogo kampuni iliondoa tangazo. Ripoti ilisema halikufanya kazi: watu walipenda picha na hawakununua kifaa. Mimi ndiye niliyeiandika ripoti hiyo. Kila sentensi yake ilikuwa kweli, na nilipoiweka mezani kwa mudir nilihisi nimeandika habari za mji nisioujua. Mkataba wangu haukurefushwa. Nilipata kazi ya kompyuta katika shule moja upande wa pili wa Doha, nikahama Najma, na kama ilivyo kwa watu wa huku, kilomita ishirini zikageuka bahari. Mwaka mmoja na nusu ulipita sijamwona Mama Mizigo.

Nilimwona Alhamisi moja alasiri. Nilikuwa nimerudi Najma kutengenezesha simu kwa fundi Mmalayali, Mhindi wa Kerala, ninayemwamini, mwenye kiduka cha televisheni na nyaya, ambaye hakubadilisha chochote dukani tangu nilipomjua. Televisheni ya dirishani kwake bado ilikuwa ikirudia kanda ya maonyesho aliyopewa na kampuni wakati ule. Mbele ya kioo, juani, mkoba ukiwa kwapani, alisimama Mama Mizigo akitazama tangazo la kochi.

Alikuwa amepungua. Tuliamkiana, akanikemea kwa kupotea, nikakubali kosa. Kisha akatoa mkobani karatasi ya hoteli iliyopigwa muhuri. Likizo. Anasafiri Jumamosi. Dada yake ndiye pekee anayejua. Aliniambia kwamba hana raha tangu alipoweka sahihi, kwamba amepanga sanduku lake mara nne na kulipangua mara nne, kwa sababu kila kitu anachokiweka ni cha mtoto wa miaka tisa na binti sasa amekwisha fika kumi na sita. Hajui atamwambia nini mlangoni. Hajui hata atakaa upande gani wa chumba.

Tangazo lilifika mwisho, likaanza tena. Mtoto akaja akiburura blanketi.

"Wewe ulikuwa huko ofisini," alisema. "Wale ni mtu na mwanawe?"

Nilikuwa nimengojea swali hilo miaka, na nilikuwa nimeshaamua kwamba likija nitasema ndiyo. Niliangalia ile karatasi mkononi mwake. Nikakumbuka kwamba huyu ndiye aliyenifungia mlango kwa uongo wa kuoga.

Nikamwambia ukweli. Tulipiga picha ile katika nyumba ya kukodi huko The Pearl, mtaa wa matajiri kando ya bahari, na mimi nilitumwa kuleta maji na mito. Mwanamke alikuwa muuza marashi aliyetaka kipato cha ziada. Mtoto alikuwa wa mhasibu wetu. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mtoto alimkataa kabisa, alilia, alimng'ang'ania baba yake mlangoni, na wapiga picha wakaanza kutukana. Yule mwanamke hakumbembeleza. Alishuka kwenye kochi akakaa sakafuni, akavua viatu, akaanza kukunja na kukunjua lile blanketi peke yake kana kwamba hakuna mtu chumbani. Alikunja vibaya makusudi. Baada ya muda mrefu mtoto akaja kumwonyesha namna inavyokunjwa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelala mapajani pake kwelikweli, na mkono ule unaoonekana kwenye tangazo hakuna aliyemwambia auweke. Jioni mwanamke alipanda teksi. Sidhani kama alijua jina la mtoto.

Nilifikiri nimemvunja mtu siku mbili kabla ya safari, nikatamani ningekata ulimi wangu. Mama Mizigo hakunitazama. Aliangalia kioo mpaka mtoto akapanda tena kochi, akalaza tena kichwa, na mkono ukashuka juu ya nywele zake.

"Ilimchukua muda gani?" aliuliza.

"Asubuhi moja, mama."

"Na hakuwa wake."

"Hakuwa wake."

Aliikunja karatasi ya likizo mara mbili, kwa kucha, kama alivyokunja mashuka ya hoteli, akairudisha mkobani.

"Mimi nimepewa siku thelathini," alisema.